Mto Mississippi, 1927: Nani Aliruhusiwa Kuondoka?

Mwishoni mwa Aprili 1927, meli za mvuke zilitia nanga Greenville, mji wa pamba wa Marekani ulio kando ya Mto Mississippi, kuja kuokoa watu. Mji ulikuwa chini ya maji. Ardhi kavu iliyosalia ilikuwa mgongo wa tuta la mto, ukanda mwembamba wa udongo wenye mto upande huu na mafuriko upande ule. Juu yake walikuwa wamebanana watu weusi wapatao 13,000, wengi wao bila hata hema la kujisitiri. Nafasi melini ilikuwepo, na uamuzi wa kuwahamisha ulikuwa umeshatolewa. Wanawake na watoto wa kizungu wakapandishwa, meli zikang'oa nanga, na watu weusi wakaachwa pale pale juu ya tuta.

Hawakuachwa kwa sababu meli zilijaa. Waliachwa kwa sababu wenye mashamba walihofia kwamba watu hao wakishapanda meli hawatarudi kuchuma pamba.

Yapo maafa mengi ya mito katika historia, na yapo yaliyoua watu wengi kuliko haya. Lakini sijui mengine yanayoonyesha waziwazi namna hii kwamba mafuriko yanapoingia, jambo la kwanza mamlaka inaloamua ni nani ana ruhusa ya kukimbia. Chakula, hema na dawa huja baadaye. Nikisoma habari za mwaka ule, swali hilo ndilo linalonirudia kila ukurasa, na majibu yake hayakutolewa na maji.

Kwanza mto wenyewe. Mississippi hukusanya maji ya majimbo 31 ya Marekani, karibu asilimia 41 ya eneo la nchi hiyo ukiacha Alaska na Hawaii. Tangu Agosti 1926 mvua ilinyesha bila kupumzika katikati ya bonde hilo, na kufikia Aprili mito yote midogo ilikuwa imeshafurika. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 15 Aprili, New Orleans peke yake ilipata takriban sentimita 38 za mvua kwa muda usiotimia siku moja. Wahandisi wa jeshi, ambao walisimamia mto huo, walikuwa wameshikilia kwa miongo mingi sera ya kujenga matuta tu. Hakukuwa na mabwawa ya kupunguza nguvu ya maji wala michepuo ya kuyapeleka kando, ila kuta za udongo zilizozidi kunyanyuliwa. Mhandisi Charles Ellet alikuwa ameonya tangu miaka ya 1850 kwamba mto ukibanwa pande zote kina chake hupanda. Hakusikilizwa. Mwaka 1926 wahandisi hao hao bado waliitangazia nchi kwamba matuta yako imara kuzuia mafuriko.

Yalipobomoka, maji yalifunika takriban kilomita za mraba 70,000 katika majimbo saba. Chukua Rwanda na Burundi, uziunganishe, na bado hujafikia eneo hilo. Kuna mahali mto uligeuka bahari yenye upana wa kilomita 130. Watu zaidi ya 600,000 walilazimika kuhudumiwa na Msalaba Mwekundu, zaidi ya nusu yao wakiwa kambini. Watu weusi waliohamishwa makwao walizidi 200,000. Idadi rasmi ya vifo ilihesabiwa kwa mamia, na wanahistoria wengi wanaamini ni ndogo kuliko ukweli. Maiti ya mkulima mweusi asiye na ardhi ilikuwa rahisi kupotea katika daftari kama ilivyokuwa rahisi kupotea katika tope.

Eneo linaloitwa Delta ya Mississippi, licha ya jina hilo, haliko mahali mto unapoingia baharini. Ni tambarare ya udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu kaskazini magharibi mwa jimbo la Mississippi. Misitu yake ilifyekwa na matuta yake yakanyanyuliwa kwa mikono ya watu weusi, wafungwa wakiwa miongoni mwao. Mwaka 1927 karibu watu watatu kati ya kila wanne katika Delta walikuwa weusi. Wengi walilima kwa mgawo wa mavuno: ardhi ya bwana, mbegu za bwana, duka la bwana, daftari la bwana. Mwisho wa msimu hesabu ikifanywa, mkulima hukuta bado anadaiwa, na mwenye deni haruhusiwi kuondoka. Utumwa ulikuwa umefutwa mwaka 1865 kwa katiba ya nchi, lakini daftari la duka lilikuwa limechukua nafasi ya mnyororo.

Kwa hiyo, mvua ilipozidi, watu hao walikuwa tayari wamezoea kuamriwa. Maelfu yao walikusanywa mitaani na mashambani, wengine chini ya mtutu wa bunduki, wakapelekwa kujaza magunia ya mchanga juu ya matuta. Mahali paitwapo Mounds Landing, kaskazini ya Greenville, walifanya kazi usiku kucha huku tuta likitikisika chini ya miguu yao. Asubuhi ya tarehe 21 Aprili tuta lilikatika. Ni mpasuko mkubwa kuliko wowote uliowahi kutokea kwenye mto huo, na maji yaliyopita hapo ndiyo yaliyoifunika Delta. Wangapi kati ya wabeba magunia walisombwa? Orodha rasmi zilitaja watu wachache mno, magazeti ya watu weusi yakasema ni zaidi ya mia. Hakuna aliyewahesabu walipopelekwa, ndiyo maana hakuna aliyeweza kuwahesabu walipokufa.

Sasa turudi Greenville, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yanapokutana.

Mwenye sauti kubwa katika mji huo alikuwa LeRoy Percy, tajiri wa pamba aliyewahi kuwa seneta kati ya mwaka 1910 na 1913. Hakuwa mtu wa kumwelezea kwa neno moja. Mwaka 1922 kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan lilipotaka kuota mizizi katika wilaya yake, alisimama hadharani akalipinga, na likashindwa kuuteka mji. Watu weusi wa Greenville walikuwa na sababu ya kumheshimu. Mwanawe, William Alexander Percy, alikuwa mwanasheria na mshairi, shujaa wa Vita Kuu ya Kwanza, na ndiye aliyekabidhiwa kamati ya misaada ya wilaya. Ni yeye aliyeamua kwamba watu weusi wahamishwe kwa meli.

Wenye mashamba wakaja juu. Baba akamwomba mwana aiulize tena kamati kabla ya kutoa amri ya mwisho. Mwana akaamini kamati itasimama naye. Akawauliza mmoja mmoja, na kila mmoja akakataa. Akafuta amri, meli zikaondoka. Miaka mingi baadaye, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1941, aliandika kwamba ni baada ya baba yake kufariki ndipo alipojua kilichotokea: mzee alikuwa amewazungukia wajumbe wote kabla yake na kuwageuza.

Hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu. Tumezoea kumwazia mbaguzi kuwa mtu mwenye chuki usoni, mwenye kofia nyeupe na mwenge mkononi. LeRoy Percy aliwapinga watu wa kofia nyeupe. Lakini alipowapinga alikuwa analinda utaratibu wa pamba, maana Klan ingewatisha vibarua wakimbilie kaskazini. Na alipowazuia watu 13,000 juu ya tuta alikuwa analinda utaratibu ule ule. Ukimpima kwa siku za utulivu utamwona mwungwana. Ukimpima kwa siku ile ya meli utaona kwamba wema wake ulikuwa na kikomo, na kikomo chenyewe kilikuwa pamba. Sioni namna ya kumtetea, na sidhani chuki ya moyoni ingeweza kufanya madhara makubwa kuliko yale.

Baada ya meli kuondoka, tuta likawa kambi, na kambi ikawa kitu ambacho kwa Kiswahili tuna maneno yake kamili. Askari wa Walinzi wa Taifa waliwekwa na bunduki kuzuia mtu asitoke bila kibali na mgeni asiingie, hasa wale waliokuja kuwatafuta vibarua wa viwanda vya kaskazini. Watu walivalishwa vipande vya utambulisho. Katika kambi za Delta kipande kilionyesha jina la mtu na shamba alilotoka, ili maji yakikauka arudishwe kwa bwana yule yule. Chakula cha Msalaba Mwekundu kilichotolewa bure na wananchi wa Marekani kilipakuliwa kutoka majahazini na watu weusi kwa kazi ya shuruti, bila malipo. Kamati ikatangaza kwamba familia yenye mwanamume asiyefanya kazi haitapewa posho.

Msomaji wa Afrika Mashariki haelekezwi sana hapa. Miaka ile ile ya 1920 mwanamume wa Kenya alitembea na kipande ndani ya kikasha cha bati kikining'inia shingoni, kimeandikwa nani alimwajiri na lini alimruhusu kuondoka, na Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 akiwa miongoni mwa waliokipinga. Tanganyika, mashamba ya mkonge yalijaa watu walioitwa manamba, kwa sababu wakishaandikishwa walihesabiwa kwa namba. Mimi nimekulia karibu na mkonge, na neno hilo nililisikia kwa wazee likitamkwa kama jeraha. Ndiyo maana niliposoma habari za vipande vya Greenville sikuona habari ya nchi ya mbali. Niliona njia ileile ya kutatua tatizo moja: unataka jasho la mtu lakini hutaki kumlipa kiasi cha kumfanya abaki kwa hiari yake. Basi unamfunga kamba. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila watu wa Delta hawakuwa wageni. Udongo ule waliujua kuliko wenye hati zake.

Tarehe 7 Julai 1927, polisi mmoja wa Greenville alimwamuru mwanamume aitwaye James Gooden aende kazini. Gooden alikuwa ametoka kufanya kazi usiku kucha. Alikataa. Polisi akampiga risasi, akafa. Watu weusi wa mji wakaacha kazi, na hofu ya damu zaidi ikatanda pande zote.

William Percy akaitisha mkutano kanisani. Alikuwa mzungu pekee aliyesimama mbele ya umati ule, na hilo kwa namna yake lilihitaji ujasiri. Lakini alichosema ndicho kinachomhukumu, na tunakijua kwa sababu alikiandika mwenyewe. Aliwaambia kwamba damu ya yule mtu iko mikononi mwao, kwa uvivu wao na kukosa shukrani kwao, akawataka wapige magoti wamwombe Mungu msamaha. Waliokuwa wakibeba magunia, wakapakua majahazi, wakalala juu ya udongo, ndio walioitwa wauaji wa mwenzao. Na mtu aliyeyasema hayo alikuwa mpole, msomi, aliyesikitishwa kweli na yaliyotokea. Alishindwa kuona kwamba amri ya kufanya kazi ndiyo iliyompeleka polisi mlangoni kwa Gooden, na amri hiyo ilikuwa yake.

Juu ya hawa wote alisimama Herbert Hoover, Waziri wa Biashara. Rais Calvin Coolidge hakuja. Magavana walimsihi afike hata kwa siku moja, wananchi wamwone, akakataa kila mara. Serikali yake haikutoa fedha za moja kwa moja kwa waliopoteza nyumba, ingawa hazina ya taifa ilikuwa na ziada. Michango ya wananchi kupitia Msalaba Mwekundu, zaidi ya dola milioni 17, ndiyo iliyobeba mzigo. Alichofanya rais ni kumteua Hoover, tarehe 22 Aprili, asimamie uokoaji wote.

Na Hoover aliiweza kazi. Sipendi uchambuzi unaomnyima mtu haki yake. Alikuwa mhandisi, aliyekwisha kupata sifa kwa kuwalisha Wabelgiji wakati wa vita, na alijua kuunganisha reli, boti, ndege za majini, redio na watu wa kujitolea vikafanya kazi kama mwili mmoja. Kambi 154 zilisimamishwa. Maelfu waliokolewa kwenye mapaa na matawi ya miti. Magazeti yalimfuata kila alipokwenda, na picha zake zikawafikia wapiga kura waliokuwa hawamjui. Mwaka mmoja baadaye alikuwa mgombea wa chama cha Republican, na Novemba 1928 akachaguliwa rais.

Lakini uhodari wa kupanga mambo una hatari yake. Hoover aliuona mto, meli, tani za unga na chanjo. Aliona pia kwamba kazi yake inategemea ushirikiano wa wakubwa wa kila wilaya, na wakubwa hao ndio waliokuwa wenye mashamba. Akawaachia wao usimamizi wa chini. Msaada wa mkulima mweusi mara nyingi ulipitia mkononi mwa bwana wake, na malalamiko yakaja kwamba wapo waliouandika katika daftari kama deni. Kwa maneno mengine, mfumo wa duka ulipata bidhaa mpya za bure.

Habari hazikufichika. Ida B. Wells, aliyekuwa ametumia maisha yake kufichua mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi, aliandika katika gazeti la Chicago Defender akiwataka wasomaji waishinikize serikali. Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe kiasi cha kuweza kupita kama mzungu, alizunguka kusini akarudi akaeleza kwamba kambi zimegeuzwa vizuizi vya kuwafunga vibarua. Sidney Redmond, mwanasheria wa Mississippi, alimwandikia rais. Hoover kwanza alikana. Kisha, mwishoni mwa Mei, akaunda Kamati ya Ushauri ya Watu Weusi, na mwenyekiti wake akawa Robert Russa Moton, mkuu wa chuo cha watu weusi cha Tuskegee.

Jina la Tuskegee si geni kwetu. Mwaka 1924 Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika ikisifu elimu ya mikono ya mtindo wa chuo hicho, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa kuigiza mfano wa kusini mwa Marekani. Moton alirithi chuo hicho mwaka 1915 baada ya kifo cha mkuu wake wa kwanza, Booker T. Washington, na alirithi pia njia ya bwana wake: kuzungumza na wazungu wenye nguvu kwa sauti ya chini. Mwaka 1922, alipoalikwa kuhutubia uzinduzi wa jengo la kumbukumbu ya Lincoln mjini Washington, hotuba yake ilikaguliwa na kukatwa makali kabla hajaisoma. Hata hivyo hakuwa mwoga. Mwaka 1923 alikataa vitisho vya Klan hadi hospitali ya askari wa zamani ya Tuskegee ikapata madaktari weusi.

Kamati yake ilikwenda kambini mwezi Juni. Ilikuta bunduki, vipigo, watu waliozuiwa, misaada iliyopindishwa. Ripoti ikapelekwa kwa Hoover faraghani, na hadharani yakatoka maneno laini. Kwa nini? Kwa sababu Hoover alikuwa na kitu cha kuahidi, na kitu hicho kilikuwa ardhi. Mashamba makubwa yaliyofilisika yangenunuliwa, yakakatwa vipande vidogo, wakulima weusi wakauziwa kwa mkopo nafuu. Moton aliiamini ahadi hiyo kiasi kwamba, bila kuitaja wazi, aliwaeleza wasikilizaji wake kiangazi kile kwamba linakuja jambo kubwa kwa watu weusi kuliko lolote tangu kufutwa kwa utumwa.

Fikiria uzito wake. Tangu mwaka 1865 watu weusi wa kusini walikuwa wakiahidiwa ardhi na kunyang'anywa. Moton aliona kwamba akinyamaza kwa miezi michache kuhusu kambi, huenda akapata kitu ambacho vizazi viwili vilikikosa. Wapo wanaomwita msaliti. Mimi nasita. Aliuza ukimya kwa bei iliyoonekana kubwa. Kosa lake ni kwamba hakuwa na namna yoyote ya kudai malipo. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na shahidi wala maandishi hulipwa mdaiwa akipenda tu. Watu wa juu ya tuta, ambao ukimya huo ulikuwa mali yao, hawakuulizwa kama wanakubali kuuza.

Desemba 1927 kamati iliandika ripoti ya mwisho, na bado ililazimika kurudia malalamiko ya Juni. Mpango wa ardhi haukutekelezwa. Hoover alipoingia Ikulu alikuwa na washauri wa kusini waliotaka chama cha Republican huko kiwe cha wazungu, na mambo ya Delta yakafifia. Watu weusi, waliokuwa wamekipigia kura chama hicho cha Lincoln kwa zaidi ya miaka sitini, hawakukihama kwa siku moja, na mdororo wa uchumi wa 1929 ulichangia pakubwa. Lakini mwaka 1932 Moton hakumuunga mkono tena Hoover, na mwaka 1936 takriban asilimia 71 ya wapiga kura weusi walimchagua Franklin Roosevelt. Uhusiano uliovunjika ulikuwa na nyufa tangu 1927.

Haki inanidai niseme pia kwamba rangi haikueleza kila kitu. Tarehe 29 Aprili mwaka ule, mabenki ya New Orleans yalimshawishi gavana wa Louisiana, Oramel Simpson, akubali tuta la Caernarvon lilipuliwe kwa baruti ili mto upunguze shinikizo kwa mji. Maji yakapelekwa makusudi katika wilaya za St. Bernard na Plaquemines, kwenye watu wapatao 10,000, wengi wao wavuvi na wawindaji wa wanyama wa ngozi, weusi kwa weupe. Wakubwa wa mji waliweka saini kwamba watawafidia. Wengi walipata kiasi kidogo cha kuvunja moyo, wengine hawakupata kitu. Na baruti yenyewe haikuhitajika, kwa kuwa matuta ya juu yalikuwa yakibomoka na kuupunguza mto yenyewe. Tofauti ni kwamba wale weupe miongoni mwao walikuwa na kura. Mwaka uliofuata Simpson aliangushwa na Huey Long akachukua ugavana. Mtu mweusi wa Greenville alikuwa na miguu tu ya kupigia kura, ndiyo maana walijaribu kuifunga.

Mwishowe hawakuweza. Maji yalipokauka, maelfu walipanda treni za Illinois Central kuelekea Chicago. Wengine walitoroka usiku wakiacha deni na nyumba yenye tope hadi dirishani. Kile ambacho LeRoy Percy alikizuia kwa kuzirudisha meli kilitokea polepole kwa reli, na alifariki mwaka 1929 huku Delta aliyoijua ikipungukiwa mikono.

Serikali nayo ilijifunza, kwa upande wa uhandisi. Sheria ya Kudhibiti Mafuriko ilitiwa saini na Coolidge tarehe 15 Mei 1928, sera ya matuta tu ikazikwa, michepuo ikajengwa. Ule wa Bonnet Carré, kabla mto haujafika New Orleans, ulikamilika mwaka 1931 na unafunguliwa mpaka leo mto unapojaa. Ni kazi kubwa na imeokoa watu wengi. Waathirika wa 1927 hawakufidiwa humo. Badala yake kiliingizwa kifungu kinachosema kwamba serikali ya Marekani haitakuwa na dhima ya aina yoyote kwa hasara itokanayo na maji ya mafuriko, popote pale.

Tarehe 1 Septemba 2005, siku tatu baada ya kimbunga Katrina, watu waliokwama New Orleans bila chakula wala maji, wengi wao weusi, walianza kutembea kwa miguu kuvuka daraja la Mto Mississippi kuelekea Gretna, upande ambao ulikuwa mkavu. Polisi walikuwa wamesimama darajani. Walifyatua bunduki juu ya vichwa vyao, wakawarudisha. Baadaye wakazi ambao nyumba zao zilizama kwa sababu kuta za mifereji zilizojengwa na wahandisi wa jeshi zilivunjika walikwenda mahakamani kudai fidia. Januari 2008 jaji Stanwood Duval aliwakemea wahandisi hao kwa maneno makali, kisha akaifuta kesi. Sheria ya 1928, alisema, ilikuwa imemfunga mikono.